Mshahara Wangu Uko Nje, Kaka Anasema Nakwepa Kodi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoza hewa, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi nje ya nchi yetu. Huku niliko mshahara haukatwi kodi hata senti. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ndicho kinachoingia benki. Mke wangu na watoto wetu wawili wako nyumbani. Nakwenda likizo kila mwaka, nakaa mwezi na ushei, narudi kazini.

Mambo yalikuwa shwari mpaka bungeni kwetu lilipozuka pendekezo kwamba raia wote wanaofanya kazi ughaibuni walipe kodi ya mapato nyumbani. Habari hiyo ilipotumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa serikali, aliishangilia. Aliandika kwamba yeye anakatwa kabla hajauona mshahara, wakati sisi wa nje tunajenga ghorofa kwa fedha ambazo hazijamchangia mtu. Akaongeza kuwa chuo cha ufundi nilichosomea kililipiwa na serikali, wanangu wako shule ya umma, na mama anatibiwa hospitali ya umma. Kwa maneno yake, mimi ni mkwepaji kodi mwenye tiketi ya ndege.

Shangazi, niliumia. Natuma fedha kila mwezi, na hazijawahi kukosa. Nimesomesha wadogo zetu wawili. Mwajiri alipotunyima mishahara kwa miezi kadhaa nilikwenda ubalozini kwetu nikaambiwa nirudi kesho, na kesho yake nikaambiwa hivyo hivyo. Nchi yetu haituruhusu hata kupiga kura tukiwa huku. Sasa nilipie nini? Nilimjibu kaka kwamba kile ninachotuma ndiyo kodi yangu. Naye akanijibu kwamba kodi hapelekewi mama. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri, na mama anaona.

Kitu cha pili kinachonisumbua ni benki yangu ya huku. Imenipa fomu inayouliza mimi ni mkazi wa kikodi wa nchi gani, na inasema naweza kutaja zaidi ya moja. Nimeiacha mezani kwa sababu sijui niandike nini. Rafiki zangu wanasema niandike nchi hii tu, nisijitafutie balaa.

Kwa kukamilisha picha: nyumba niliyojenga ni ya ghorofa moja. Chini wanakaa mke wangu, watoto na mama. Juu kuna wapangaji wawili. Kaka ndiye anayepokea pango kwa niaba yangu, nalo linalipia umeme, dawa za mama na matumizi mengine. Hatugombani kuhusu hilo, ni mwaminifu.

Naomba uniambie ukweli. Je, mtu anayefanya kazi nje anapaswa kulipa kodi ya mapato nyumbani? Na kaka nimwambie nini?

Ni mimi,
Msafiri Aliyechoka Kusemwa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na ile fomu, kwa sababu ina mambo mengi kuliko ugomvi wenyewe. Usiifuate ile shauri ya rafiki zako. Mwaka 2014 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa hasa na nchi tajiri, lilitoa utaratibu wa mamlaka za mapato kupeana taarifa za akaunti za benki, na tangu 2017 nchi na maeneo zaidi ya 100 yameingia humo hatua kwa hatua. Benki inakuuliza makazi yako ya kikodi, yaani nchi inayokuhesabu mkazi wake kwa ajili ya kodi, ili ijue taarifa zako zipelekwe wapi. Ukisaini kwamba wewe ni mkazi wa nchi moja tu huku mke, watoto na nyumba vipo kwingine, umeweka sahihi yako kwenye jambo ambalo hujalichunguza. Nami nimesoma barua yako mara mbili, na kwa namna ulivyoyaeleza maisha yako, sina hakika hata kidogo kwamba wewe ni mkazi wa nchi moja.

Wewe na kaka mnagombania pasipoti. Yeye anasema wewe ni raia, lipa. Wewe unasema ni raia lakini sipati kitu, silipi. Karibu dunia nzima, sheria ya kodi ya mapato haiulizi kwanza uraia. Inauliza mambo mawili: unaishi wapi, na fedha imepatikana wapi. Mgeni anayeishi nchini kwenu na kufanya kazi hapo hukatwa kodi kama kaka yako, wala haambiwi asamehewe kwa sababu si raia. Na raia aliyehama na jamii yake yote, akavunja makazi, akaishi kwingine miaka yote, nchi nyingi humwachia mshahara wake wa huko. Kaka anakatwa kwa sababu anaishi hapo na anaajiriwa hapo. Hakatwi kwa sababu ni mzalendo kuliko wewe.

Ziko nchi zilizoamua kufuata pasipoti, na habari zake zinafundisha. Kubwa ni Marekani. Ilianza wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1860, serikali ilipokuwa na njaa ya fedha na ikawatazama vibaya wenye uwezo walioondoka wakati wenzao wanapigana. Baadaye raia mmoja, George Cook, aliyekuwa akiishi Mexico City, alikwenda mahakamani kupinga kutozwa kwa mapato ya mali iliyokuwa Mexico. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ilimwambia kwamba serikali humfaidi raia na mali yake popote alipo, kwa hiyo inaweza kumtoza popote alipo. Hukumu hiyo bado inasimama. Leo Mmarekani anayefanya kazi nje hujaza ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato yake, kila mwaka. Kwa mwaka 2025 anaweza kuondoa hadi dola 130,000 za mapato ya kazi yake ya nje, hivyo wengi huishia kutodaiwa kitu, ila karatasi hazimwachi. Akaunti zake za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 lazima azitaje. Tangu sheria ya mwaka 2010 iliyozibana benki za kigeni, baadhi ya benki huona heri kumkataa mteja Mmarekani kuliko kubeba mzigo wa kumripoti.

Wewe unadhani umeonewa, lakini mwangalie Boris Johnson. Alizaliwa New York mwaka 1964, akaondoka akiwa mtoto mdogo, akawa meya wa London. Alipouza nyumba yake ya London, Uingereza haikumdai chochote kwa sababu ilikuwa makazi yake. Marekani ikamdai. Alilalamika hadharani mwaka 2014, mwishowe akalipa, na baadaye akauachia uraia huo. Huo ndio mwisho wa mantiki ya kufuata pasipoti: mtu anadaiwa na nchi aliyoiacha akiwa bado mtoto mdogo.

Eritrea nayo hudai asilimia 2 ya mapato ya raia wake walioko nje, utaratibu wa tangu miaka ya 1990. Kiwango ni kidogo, ukisikia hivyo hivyo hutashtuka. Kilichozua kelele ni namna ya kukusanya. Desemba 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2023, liliitaka Eritrea iache kutumia vitisho, ulaghai na njia nyingine haramu kukusanya kodi hiyo nje ya mipaka yake. Kanada ilimfukuza konsuli wa Eritrea mwaka 2013 na Uholanzi ikamfukuza mwanadiplomasia wa Eritrea mwaka 2018, zote kwa sababu hiyo. Na hapa nawauliza wabunge wenu: mtamkagua vipi mtu ambaye mshahara wake uko katika nchi nyingine, chini ya sheria nyingine, benki nyingine? Mahali ambapo serikali haina mkono wa kisheria, hubaki na pasipoti yako. Itakataa kukuongezea muda, au itakunyima cheti cha kuzaliwa cha mtoto mpaka ulipe. Kodi inayokusanywa kwa kushika nyaraka za watu huwaumiza kwanza wanyonge, yule dada wa kazi za ndani ambaye tayari mwajiri kamfungia pasipoti kabatini. Tajiri ana wakili na ana uraia wa pili.

Ufilipino walijaribu, wakaacha. Kwa miaka mingi waliwatoza raia wao walioko nje kiwango kidogo cha asilimia 1 hadi 3. Sheria mpya ya kodi ya mwaka 1997 ikaondoa jambo hilo, na tangu Januari 1998 Mfilipino anayefanya kazi nje, pamoja na mabaharia wa meli za kimataifa, halipi nyumbani kodi ya mapato ya nje. Analipa ya yale anayoyapata ndani. Nchi inayosafirisha wafanyakazi wengi namna ile ingekuwa ya kwanza kuing'ang'ania kodi hiyo kama ingekuwa na maana. Mimi naona walifanya vizuri, na wabunge wenu wangeanzia kusoma hapo.

Sasa kuhusu kaka na hoja ya chuo. Usiidharau, ni hoja ya wasomi. Mwaka 1972 mchumi Jagdish Bhagwati, aliyezaliwa India na kufundisha Marekani, alipendekeza wataalamu wanaohama kutoka nchi maskini watozwe nyongeza ya kodi, ili nchi iliyogharamia elimu yao isitoke mikono mitupu. Wapo wanaoitetea hadi leo, na ukiangalia hospitali zinazobaki bila madaktari unaelewa uchungu wao. Lakini deni la masomo lina kiasi na lina mwisho. Serikali ikitaka fedha yake ya chuo, iandike mkopo au mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, mtu asaini akijua. Kodi ya pasipoti haina mwisho, inamfuata hata aliyesomeshwa na babake kwa kuuza mifugo, na inamfuata hata mtoto wake aliyezaliwa huko. Isitoshe, kaka yako naye alisomeshwa na serikali hiyo hiyo.

Nimekupigia makofi ya kutosha, mwanangu. Sasa nikushike sikio kidogo.

Ile kauli yako kwamba fedha unazotuma ndiyo kodi yako, kaka alikujibu sawa. Fedha unayomtumia mama ni wajibu wa mtoto, na Mungu akuzidishie. Kodi humlipa mwalimu wa mtoto wa jirani ambaye hana mjomba ughaibuni. Wewe ukichagua nani asaidiwe, wale wasio na ndugu nje hawamo kwenye orodha yako. Hata hivyo si kweli kwamba hujachangia. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 fedha zilizotumwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati zilifika dola bilioni 656, nyingi kuliko misaada ya kigeni na uwekezaji wa moja kwa moja wa kigeni. Zinapofika hununua saruji, sukari na muda wa maongezi, na humo ndani mna VAT na ushuru. Kwa hiyo serikali inakula kwenye mfuko wako, ila inakula ukiwa dukani. Na kabla hazijafika, mawakala wa kutuma wameshakata chao, kwa wastani wa dunia kama asilimia 6 ukituma dola 200. Serikali inayotaka kukuza mapato ya diaspora ingebana hapo kwanza.

Hoja yako ya kura nayo naiona nusu. Ni aibu serikali kutaka kodi ya mtu iliyemnyima sanduku la kura, hilo tunakubaliana. Lakini kodi na kura havinunuliani. Mgeni hulipa bila kupiga kura, na raia asiye na kipato hupiga kura bila kulipa kodi ya mapato. Ukisema nilipe ndipo nipige, kesho mwenye hela nyingi atataka kura nyingi. Idai kura kama haki yako, usiifanye bei. Na ule ubalozi wa njoo kesho ulalamikie kwa maandishi, uombe na muhuri wa kupokelewa.

Tatizo lako kubwa liko kwingine, na umelitaja mwenyewe bila kujua.

Mke na watoto wanakaa kwenye nyumba yako. Wewe unarudi hapo kila mwaka. Sheria za kodi za Kenya na Tanzania, kwa mfano, zinasema mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwapo nchini kwa kipindi chochote cha mwaka husika, ni mkazi wa kikodi kwa mwaka huo. Kipindi chochote, hata wiki mbili za likizo. Ile hesabu ya siku 183, kwamba mtu huwa mkazi akikaa nchini siku hizo kwa mwaka, ambayo watu wa nje mnaambiana kama dua, humhusu asiye na makazi ya kudumu. Na mkazi kwa kawaida hutozwa kwa mapato yake popote yalipotoka. Hukutaja nchi yako, nayo inaweza kuwa na kifungu tofauti au msamaha kwa mishahara ya nje, lakini usidhani kuvuka mpaka kumekutoa.

Mikataba ya nchi mbili mbili ya kuzuia kodi kutozwa mara mbili nayo inaelekea huko huko. Mtu akiwa mkazi wa nchi zote mbili, mkataba wa mfano wa OECD unatazama makazi ya kudumu yako wapi. Yakiwa kote, unatazama maisha yake yameelemea wapi, yaani familia, mali na shughuli zake. Likishindikana, ni wapi anakaa zaidi. Uraia unakuja nafasi ya nne. Kwa hiyo kaka anakosea kuushika uraia, lakini akibadili hoja akasema maisha yako yako hapa, atakuwa amekupata. Nyumba iko hapo, wanao wako hapo, na ukiumwa utarudishwa hapo.

Halafu kuna jambo la kwamba hukatwi popote. Mwenzako anayefanya kazi penye kodi, hata akionekana mkazi wa nyumbani, kwa kawaida hupewa unafuu kwa kile alichokwisha kulipa, ama mapato yale huachwa kabisa. Wewe hujalipa kitu, na unafuu wa sifuri ni sifuri. Nchi za Ghuba ndizo maarufu kwa hili, ingawa hata huko upepo unabadilika: Oman imeshapitisha kodi ya asilimia 5 kuanzia 2028, kwa wenye kipato cha zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Serikali hazijawahi kupenda watu wasiolipa popote. Oktoba 1962 Ufaransa ya Jenerali de Gaulle iliwaweka maofisa wa forodha usiku kwenye barabara za kuingia Monaco kwa ugomvi wa mambo haya, na mkataba wa 1963 ukawafanya Wafaransa wengi waliohamia Monaco waendelee kutozwa kama wapo kwao. India nayo mwaka 2020 iliweka kifungu kwamba raia asiyetozwa popote kwa sababu ya makazi, akiwa na mapato ya ndani ya zaidi ya rupia milioni 1.5, ahesabiwe mkazi. Wafanyakazi wao wa Ghuba walishtuka, na serikali ikatoka haraka kueleza kwamba haikulenga mishahara ya watu wanaofanya kazi halali huko, ilimlenga tajiri anayezunguka nchi hadi nchi ili asidaiwe na yeyote. Tofauti hiyo naipenda. Fundi wa mitambo ya kupoza hewa na mfanyabiashara anayehamisha pasipoti si watu wa fungu moja.

Kwa hiyo unataka maoni yangu: nchi isimtoze mtu kwa pasipoti. Imtoze kwa maisha anayoishi ndani yake na kwa mapato yanayotoka ndani yake. Kwa wafanyakazi kama wewe, wenye familia nyumbani na kazi nje, iweke kiwango kikubwa cha msamaha, kwa sababu unaishi kwa gharama mbili, huna pensheni ya huko, na mkataba ukikatika kesho unarudi na mabegi. Juu ya kiwango hicho, sioni dhambi mtu kuchangia shule wanayosoma wanawe. Najua hutapenda sentensi hiyo.

Na mapato yanayotoka ndani unayo tayari. Lile pango la ghorofani.

Wewe na kaka mmerushiana maneno kuhusu mshahara ulioko ng'ambo ya bahari, ambao pengine sheria haiugusi, huku kila mwezi wapangaji wawili wanaleta fedha ambayo sheria inaigusa karibu kila mahali duniani. Mapato ya nyumba hutozwa na nchi ilipo nyumba, mwenye nyumba akiwa raia, mgeni, mkazi au mhamaji. Hata ile mikataba inaiachia haki hiyo nchi ya nyumba. Katika barua nzima hukusema kama kuna mtu aliyewahi kulitolea kodi. Na anayelipokea ni nani? Mwalimu wetu, yule anayewasema wakwepaji kwenye kundi la familia. Usimrukie kwa hilo, tafadhali. Naamini hakuliwaza, kama wewe ambavyo hukuliwaza. Ila nchi nyingine humhesabu anayepokea pango kwa niaba ya mtu aliyeko nje kuwa wakala wake, naye huweza kudaiwa akate na kuwasilisha. Kaka anaweza kuwa ndani ya jambo hili zaidi ya anavyofikiri. Mpigie simu, usimwandikie kundini. Mwambie hivi: kaka, kuhusu mshahara tutasubiri tuambiwe na wenye mamlaka, lakini hili la pango ni letu wote wawili, tulisafishe pamoja. Sidhani ataendelea kukuita mkwepaji baada ya hapo, na kama ataendelea, atakuwa anajiita na yeye.

Namna ya kulisafisha ni kwenda mwenyewe kabla hawajaja. Mamlaka nyingi za mapato hupunguza adhabu kwa anayejitokeza kwa hiari, na haziwi na huruma hiyo kwa anayefumaniwa. Kaka akusanye mikataba ya wapangaji na kumbukumbu za malipo. Uliza ni gharama zipi zinaruhusiwa kuondolewa, maana kwingine ukarabati na riba ya mkopo huondolewa kabla ya kodi, kwingine hutozwa pango lote kwa kiwango kidogo bila kuondoa kitu. Umeme wa chini na dawa za mama si gharama za biashara ya kupangisha, usiviingize.

Kuhusu mshahara, iandikie mamlaka ya mapato ya kwenu. Eleza ukweli wote kama ulivyonieleza mimi: familia iko wapi, likizo siku ngapi, mkataba wa kazi wa nani. Omba jibu la maandishi kama wewe ni mkazi wa kikodi na kama mshahara wa nje una msamaha. Jibu la mdomo la ofisa wa dirishani halitakulinda siku ya ukaguzi. Huko uliko, uliza kama wanatoa cheti cha ukazi wa kikodi. Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutoa, ingawa hawakati kodi ya mshahara. Cheti hicho hakimalizi mambo, lakini bila hicho huna pa kuanzia ukiulizwa. Angalia pia kama nchi hizo mbili zina mkataba. Ukipata majibu ndipo ujaze fomu ya benki. Wakikuharakisha kabla, na kwa unavyoishi, mimi ningetaja nchi zote mbili. Kutaja nchi ya pili hakumaanishi unakubali kudaiwa, kunamaanisha hujaficha.

Lile pendekezo la bungeni lisikunyime usingizi. Likija kuwa sheria, litakuja na tarehe ya kuanza, viwango na misamaha, na hapo ndipo utajua linakuhusu au la. Kama nchini kwenu wananchi hualikwa kutoa maoni kuhusu miswada, tuma yako, na mwambie kaka naye atume ya kwake, hata kama zinapingana.

Na mkeo mwambie asitupe risiti za ujenzi wa hiyo nyumba, za saruji, mabati na mafundi. Siku mtakapoiuza, faida itahesabiwa kwa kuondoa gharama, na gharama isiyo na risiti hawaitambui.

Shangazi